Kabla ya Kusifu Meza za Côte d'Azur, Muulize Nani Alilipa



Siku hizi orodha moja inazunguka mu vikundi vya WhatsApp, kutoka Goma mpaka Bukavu. Ni orodha ya fasi nzuri za kula kule Côte d'Azur, pwani ya kusini ya Ufaransa: Saint-Tropez, Cannes, Antibes, Nice, Menton, pamoja na Monaco yenye ni nchi yake yenyewe. Wenye kuituma ni watoto wa wakubwa wetu wamoja. Juu ya kila jina kuko picha: sahani nyeupe kubwa, kachakula kadogo katikati, bahari ya bluu nyuma. Na chini ya picha, vijana wenzetu, wenye wamelala na chai kavu, wanaandika: «Mungu ataniinua na mimi.» Wengine: «Kula maisha, boss!»

Tumekaa, tumezungumza, tumeona tusinyamaze.

Hatuandiki juu ya wivu. Mkongomani ana haki ya kukaa kando ya bahari na kula vizuri kama mtu mwingine yeyote. Mwenye alifanya kazi na analipa kwa jasho lake, aende, ale, ashibe, akirudi atuletee habari. Sisi tuko na swali moja tu, lile lenye kila mama wa soko anamuuliza mteja mbele ya kupakua: nani analipa?

Meza ile ina historia yetu ndani

Kati ya Nice na Monaco kuko rasi moja inaingia mu bahari, jina lake Saint-Jean-Cap-Ferrat. Leo nyumba za pale ni kati ya nyumba za bei kali kupita zote duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmoja wa wenye ardhi wakubwa pale alikuwa Léopold II, mfalme wa Wabelgiji. Ni yule yule aliyefanya Kongo kuwa mali yake binafsi tangu 1885 mpaka 1908, bila kukanyaga udongo wetu hata siku moja. Babu zetu walitumwa mpira kwa nguvu. Kijiji chenye hakikufikisha kipimo kilichomwa, watu wakauawa, mikono ikakatwa. Na faida ya mpira ule ilienda kununua ardhi na villa kando ya bahari ya joto. Villa Les Cèdres ilikuwa yake. Villa ingine kule Villefranche-sur-Mer, La Leopolda, inabeba jina lake mpaka leo.

Songa mbele sasa, upande wa Italia, mwendo wa gari usiofika saa moja. Unapita Monaco, unafika Roquebrune-Cap-Martin. Pale Mobutu alikuwa na villa yake, Villa del Mare. Mwisho wa 1996, vita ilipoanza huku kwetu mashariki, Bukavu ilianguka mwisho wa Oktoba, Goma ikaanguka mwanzo wa Novemba. Wazazi wetu walikuwa njiani na magodoro kichwani. Rais alikuwa ametoka kupasuliwa Uswisi, akaenda kupumzika Cap-Martin, akarudi Kinshasa katikati ya Desemba tu. Mgonjwa hatumcheki, kila mtu anaugua. Lakini baada ya miaka 31 ya kutawala, hakukuwa na hospitali moja ndani ya nchi yenye yeye mwenyewe alikubali kupasuliwa ndani, wala ziwa moja lenye alikubali kupumzika kando yake akiwa mgonjwa. Na nchi yake ina Kivu, ina Tanganyika!

Angalieni vizuri: watu wawili wenye walifanya Kongo kuwa shamba lao, mmoja mzungu, mmoja mtoto wa nchi, wakachagua pwani ile ile ya kwenda kukaa na kula. Kwa hiyo mtoto wa mkubwa anapotuma picha kutoka pale, haanzishi kitu kipya. Anakaa kwenye kiti chenye kilikuwa tayari na moto.

Kiswahili chetu kinajua jambo hilo zamani. Sisi hatusemi mkubwa aliiba. Tunasema alikula. Alikula pesa ya barabara, alikula mshahara wa askari, alikula kodi ya soko. Tumezoea neno hilo mpaka wizi umekuwa kama chakula, na mwizi kama mtu mwenye njaa. Leo tunaomba turudishe neno kwa maana yake. Kula ni kula. Kuiba ni kuiba.

Na pale wanakula nini?

Tuseme kwanza yale ya juu. Kule Monaco, ndani ya Hôtel de Paris, kuko restora Le Louis XV, yenye Alain Ducasse alifungua mwaka 1987. Kule Menton, karibu kabisa na mpaka wa Italia, kuko Mirazur ya Mauro Colagreco, mzaliwa wa Argentina. Mwaka 2019 alipata nyota ya tatu ya Michelin, na mwaka ule ule restora yake ikawekwa ya kwanza kwenye orodha maarufu ya restora 50 bora za dunia. Hatutukani wapishi hao. Mtu aliyetoka mbali, akalima bustani yake, akapika mboga yake mwenyewe, tunamvulia kofia. Lakini mlo kamili wa pale unapita euro 300 kwa mtu mmoja, kabla ya divai. Muulize mwalimu wa shule ya msingi wa hapa kama mshahara wake wa mwezi unafika pale, na kama unafika kwa wakati. Halafu muulize yule mwenye kutuma picha: meza yenu ilikuwa ya watu wangapi?

Sasa tuseme yale yenye orodha yao haitaji. Chakula chenye kilipatia Nice jina ni chakula cha maskini. Kinaitwa socca: unga wa dengu zenye Wafaransa wanaita pois chiches, maji, mafuta ya zeituni na chumvi. Wanamwaga kwenye sahani pana ya shaba, wanaingiza mu tanuru ya kuni, inatoka imeungua kidogo pembeni, wanatia pilipili manga, unakula na vidole ungali umesimama. Ni pesa ya mkate tu. Ilikuwa chakula cha asubuhi cha wafanyakazi. Nyuma ya bandari ya Nice, Chez Pipo wanaioka tangu 1923.

Kuko pan bagnat, maana yake mkate uliolowa: mkate wa mviringo, ndani nyanya, kitunguu, yai, zeituni, samaki wa chumvi, na mafuta ya zeituni mpaka mkate unywe. Ni mkate wa wavuvi na wa watu wa kazi. Kuko pissaladière, yenye ni unga wa mkate, vitunguu vilivyopikwa polepole mpaka vikawa tamu, na samaki wadogo wa chumvi juu. Hakuna kitu ndani yake chenye mama wa hapa angeshangaa. Hata Saint-Tropez ya matajiri ilikuwa kijiji cha wavuvi. Kwenye ufuko wa Pampelonne, mwaka 1955, familia moja yenye kibanda kando ya maji iliwapikia watu wa sinema waliodhani pale ni restora. Kibanda hicho ndicho Club 55, fasi yenye matajiri wanapigania meza leo.

Kuko pia hadithi ya Dominique Le Stanc. Alikuwa mpishi mkuu wa restora ya hoteli kubwa Negresco, yenye nyota mbili. Aliacha yote, akachukua La Merenda, karestora kadogo sana ka Nice ya zamani, viti vya kubanana, bila hata simu ya kupiga ili kushika fasi. Akapika vyakula vya mabibi wa Nice. Watu wakapanga mstari.

Munaelewa tunafika wapi? Pwani ile haikupewa utamu na wakubwa. Ilipewa na watu wenye walikuwa na dengu, kitunguu, limau na samaki mdogo, na hawakuona haya. Sisi tuko na sambaza za ziwa Kivu, tuko na sombe, maharagi, ndizi za kuchoma, lengalenga, mafuta ya mawese. Lakini kwenye sherehe za wakubwa hapa, wageni wa heshima wanapewa kuku wa friji aliyetoka ngambo, na sombe inapelekwa nyuma kwa madreva na walinzi. Madreva ndio wanakula vizuri, lakini hilo halikukusudiwa. Mkubwa anaona haya kwa chakula cha mama yake, halafu anapanda ndege kwenda kulipa dola kwa chakula cha mama wa mwingine.

Chenye hawatuonyeshi kwenye picha

Wandugu, kitu kikubwa cha pwani ile si sahani. Ni ufuko wenyewe.

Kule Ufaransa, sheria inasema ufuko wa bahari ni wa watu wote. Sheria ya 1976 ilifungua njia ya miguu kando ya maji, hata mbele ya nyumba za matajiri. Sheria ya 1986 juu ya pwani ilisema wazi kwamba kila mtu anaingia ufukoni bure. Restora za ufukoni zinakodi kipande tu, na sehemu kubwa ya mchanga lazima ibaki wazi. Ndiyo maana mfanyakazi wa kufagia Nice anaweza kununua pan bagnat yake, akakaa mbele ya bahari ile ile yenye bilionea anaangalia, akala bila kuomba mtu ruhusa.

Na wanalinda haki hiyo. Mwaka 2015 mfalme wa Saudi Arabia alikuja kupumzika kwenye villa yake kule Vallauris, karibu na Cannes. Wenye mamlaka wakamfungia kipande cha ufuko ili akae peke yake. Wananchi hawakusema «mukubwa ni mukubwa». Waliandika barua ya malalamiko, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini. Mfalme alitarajiwa kukaa wiki tatu. Baada ya siku nane hivi akaondoka kwenda Morocco.

Hata mwizi wa kwao hawakumwacha. Jacques Médecin alikuwa meya wa Nice tangu 1966 mpaka 1990, na mbele yake alikuwa baba yake. Mji wa baba na mtoto; sisi Wakongomani tunajua hadithi hiyo. Alikuwa mtu wa kupendwa, tena aliandika kitabu cha mapishi ya Nice mwaka 1972, akafundisha dunia kwamba salade niçoise ya kweli haitiwi viazi vya kuchemsha. Lakini alipoanza kufuatwa juu ya pesa za mji, alikimbilia Uruguay. Mwaka 1994 alirudishwa, akahukumiwa, akafungwa. Kupenda chakula cha watu hakukumwokoa, wala jina la baba yake.

Hatusemi Ufaransa ni paradiso. Pale pale Menton, mlango na mlango na restora zenye nyota, kutoka Juni 2015 polisi wanarudisha wahamiaji Italia. Mwaka ule vijana Waafrika walilala juu ya mawe kando ya bahari wakingoja kupita. Mtoto wa mkubwa wetu anapita mpaka huo kwenda kula mchana Italia na kurudi jioni. Kijana wa Afrika asiye na karatasi analala kwenye mawe. Wote wawili wanaona maji yale yale. Na wengi wa wale wa kwenye mawe walikimbia nchi zenye wakubwa wao pia walikula kama wakubwa wetu.

Turudi hapa kwetu

Sasa tembeeni Goma kando ya ziwa. Hesabuni ni fasi ngapi mtoto wa Ndosho au wa Majengo anaweza kushuka mpaka kwenye maji, akakaa na mahindi yake ya kuchoma, bila mlinzi kumuuliza «unatafuta nini hapa?» Ukuta, ukuta, geti, hoteli, villa, ukuta. Ukiingia kwenye hoteli, lazima ununue soda kwa bei ya chakula cha siku mbili ndipo uangalie ziwa lenye Mungu aliweka pale bure. Wamama wanaotafuta maji wanabanana kwenye vipande vichache vilivyobaki, kama Kituku, na madumu yao, pamoja na mitumbwi na takataka.

Hilo ndilo linatuuma kupita sahani zao. Wakubwa wetu wanaenda kufurahia pwani yenye sheria iliifungua kwa kila mtu, halafu wanarudi kufunga pwani yetu. Wanapenda soko safi la Cours Saleya, wanapiga picha na limau za Menton, halafu hapa mama wa soko anafukuzwa kwa fimbo, kikapu chake kinamwagwa, na kodi amelipa asubuhi. Uzuri wa kule walijifunza kuula tu. Kuuleta nyumbani, hapana.

Na hayo yote ndani ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 25 hawana chakula cha kutosha. Milioni 25! Siyo kwa sababu udongo ni mbaya.

Wenye watatujibu

Watasema: «Ni pesa yake binafsi.» Sawa. Kifungu cha 99 cha Katiba yetu kinaagiza Rais na mawaziri waandike mali ya jamaa yao mbele ya Mahakama ya Katiba, kabla ya kuingia kazini na wakati wa kutoka. Watuonyeshe basi. Karatasi ikionyesha kwamba pesa ni safi, sisi wa kwanza tutasema: kula vizuri, ndugu.

Watasema: «Ya Mobutu yalipita.» Hayakupita. Mwaka 2009 Uswisi iliachia franka za Uswisi milioni 7.7 za Mobutu zirudi kwa jamaa yake, kwa sababu serikali yetu wenyewe haikufuatilia kesi sawasawa. Mtu alikula, sisi tukaosha sahani, na hata mabaki tukamrudishia.

Watasema: «Vijana hawa wana njaa.» Ndiyo. Tuko nayo. Tulidhani munajua.

Tunachodai

1. Kila mwenye Katiba inamlazimisha kutangaza mali yake aitangaze, na wananchi waruhusiwe kuisoma. Karatasi yenye inalala mu kabati haimsaidii mtu.

2. Serikali ifuatilie mali ya Kongo iliyofichwa Ulaya. Tangu Agosti 2021 Ufaransa ina sheria inayosema mali iliyoibiwa na viongozi wa nje, ikinyang'anywa na mahakama za kule, irudi kwa faida ya wananchi walioibiwa. Sheria iko. Kinachokosa ni mtu wa kwetu mwenye hana woga wa kuitumia.

3. Wenye mamlaka wa mji na wa jimbo waweke njia za wazi za kushuka ziwani, na fasi za kukaa bila kulipa. Wawaonyeshe wananchi karatasi za kila parseli ya kando ya maji: nani aliuza, nani alinunua, mwaka gani.

4. Sherehe za serikali ziwe na chakula cha hapa, kilichonunuliwa kwa wamama wa soko na wavuvi wetu, na kilipwe siku ile ile.

5. Na kwenu vijana: muache kusifu. Kila «boss» munaandika chini ya picha ile ni risiti munatia saini bila kusoma. Muandike badala yake swali letu: nani alilipa?

Ukipata visa siku moja

Hatutaki mtu aseme tumekataza watu kula. Ukifika kule siku moja kwa jasho lako, fanya hivi. Nenda Nice, sokoni Cours Saleya, asubuhi. Usiende Jumatatu, siku ile wanauza vitu vya zamani, hakuna mboga. Kula socca ingali moto, na vidole, kama kwetu. Nunua pan bagnat, uifunge vizuri. Panda treni ya kwenda Menton, shuka Roquebrune-Cap-Martin, fuata njia ya miguu yenye inazunguka rasi kando ya maji. Hakuna atakayekuuliza unatafuta nini. Kaa kwenye jiwe, ule mkate wako polepole.

Halafu inua macho, uangalie zile villa za juu. Fikiria shule ngapi, maji ya bomba mangapi, barabara ngapi za Masisi, Kalehe na Walikale zilipita pale zikageuka chakula cha mtu mmoja. Ukimaliza, futa mikono, piga picha ya ukuta, ututumie. Hiyo ndiyo picha tunangoja kutoka Côte d'Azur.

Halafu rudi. Ziwa liko hapa, na ukuta wake bado uko.

Imetolewa Goma.
Sisi vijana wa nchi hii, wenye bado hatujala.